UZI: Walimu wa kiroho wa India wanavyolishana maneno, na sisi wasomaji tunavyoyabeba

Mtiririko (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Jambo hili nimekaa nalo miaka mingi, leo nalitua. Ni refu, mwenye haraka aweke alama arudi baadaye.

Mwaka 2011 nilinunua kitabu cha mahubiri ya Osho kwenye vitabu vya mtumba vinavyotandazwa chini pale Posta, Dar es Salaam. Hakikuwa na jalada, na kurasa za mwisho zilikuwa na alama ya chai ya mtu. Nilikimaliza kwa usiku mbili. Humo Osho alikuwa anamzungumzia Jiddu Krishnamurti: kwamba ni mtu aliyeamka kweli, lakini mkavu, hajui kucheka, amehubiri maisha yake yote na hakuna aliyemwelewa, sasa amebaki kuwakasirikia wasikilizaji wake. Niliyapigia mstari maneno yale kwa peni nyekundu. Kwa miaka mitano iliyofuata, kila likitajwa jina la Krishnamurti nilitoa hukumu palepale, mbele za watu, kwa sauti ya mtu anayejua. Na sikuwa nimemsoma hata ukurasa mmoja.

2016 rafiki akanirushia rekodi ya mazungumzo yake. Niliisikiliza kwenye daladala la Mbagala, foleni imekaza. Nilitegemea mzee anayefoka. Nikamkuta mtu anayeuliza swali, ananyamaza, kisha anawaambia waliokaa mbele yake wasikubali analosema, waangalie wenyewe kama ndivyo. Kuna mahali anakereka, sikatai. Mtu wa hadhira anakimbilia kujibu kabla swali halijaisha na mzee anamkata. Lakini hakufanana hata kidogo na yule niliyekuwa nimembeba kichwani. Niliposhuka nilijiona nimemkosea mtu ambaye hatujawahi kuonana.

Tangu hapo nilianza kufuatilia: hawa walimu wakubwa wa India wa zama zetu wanasemaje kuhusu wenzao, na wanayoyasema ni ya kweli kiasi gani? Nilichokuta kimenisikitisha, kwa sababu wengi wao nawapenda. Kutofautiana ni haki yao. Ninalolilalamikia ni kulishana maneno: mtu anaeleza msimamo wa mwenzake kwa namna ambayo mwenye msimamo akiusikia hautambui, kisha anaushinda.

Nimalizie hao wawili kwanza. Osho, yaani Rajneesh, alizaliwa 1931 na kufariki Pune Januari 1990. Krishnamurti alizaliwa 1895 na kufariki Ojai, California, Februari 1986. Kwa maneno ya Osho mwenyewe, hawakuwahi kukutana. Lakini Osho huyo huyo alisimulia kwamba wafuasi wake, waliokuwa wakivaa nguo za rangi ya chungwa, walikwenda kwenye mihadhara ya Krishnamurti kule Bombay na kukaa safu ya mbele, na yeye ndiye aliyewashauri wakae mbele. Krishnamurti akiwaona anawaka. Hebu lipimeni hilo. Unawatuma watu wakamchokoze mzee hadharani, kisha hasira yake unaifanya ushahidi wa tabia yake.

Na Krishnamurti naye? Yeye hakuwa mtu wa kutaja majina. Aliwatia magwiji wote kwenye gunia moja: guru, yaani mwalimu wa kiroho, ni biashara, guru ni unyonyaji. Namwelewa alikotoka. Alikuwa kijana wa miaka 14 pale Adyar mwaka 1909 wakati wakubwa wa Jumuiya ya Theosofia, chama cha Wazungu na Wahindi waliochanganya mafundisho ya dini mbalimbali, walipomteua kuwa chombo cha Mwalimu wa Ulimwengu, mwokozi waliyekuwa wakimsubiri, na tarehe 3 Agosti 1929, kule Ommen, Uholanzi, alisimama mbele ya wanachama wapatao 3,000 akaivunja jumuiya waliyomuundia. Mtu aliyepitia hayo hawezi kulipenda neno guru. Lakini miaka hiyohiyo kulikuwa na Ramana Maharshi, mtawa wa kusini mwa India, chini ya mlima Arunachala. Hakumtoza mtu kitu, hakuwa na sherehe ya kumwingiza mtu uanafunzi, na kwa muda mrefu jibu lake kubwa lilikuwa ukimya. Ukimtia Ramana kwenye gunia la wafanyabiashara umempotosha, hata kama hukulitaja jina lake.

Nitaendelea. Mwenye la kusema aseme.

Jembe la Kusini

Mkuu, naheshimu uzi wako ila sioni jipya. Mashehe wanajibizana, wachungaji wanajibizana, seuze hao? Kila mwalimu akiamini njia yake ni sahihi lazima aone ya mwenzake ina kasoro. Asiposema atakuwa mnafiki.

Mtiririko

Jembe, aseme, tena aseme kwa nguvu. Shida ni kumpinga mtu ambaye hujamsikiliza. Nakupa mfano ambao huwa naurudia sana.

Swami Dayananda Saraswati, aliyeanzisha mwaka 1875 Arya Samaj, chama cha kuurekebisha Uhindu, aliandika kitabu kikubwa cha kuzipima dini na madhehebu. Alipofika kwa Guru Nanak, mwanzilishi wa dini ya Kalasinga, alikiri kwamba nia yake ilikuwa njema, lakini akasema hakuwa na elimu, hakujua Sanskriti, lugha ya kale ya maandiko ya Kihindu. Ushahidi wake mmojawapo ni neno moja tu. Nanak amemwita Mungu *nirbhau*, yaani asiye na hofu. Dayananda anasema angekuwa anaijua Sanskriti angesema *nirbhaya*.

Neno moja, wakuu. Nanak alikuwa anaongea na wakulima na wafanyabiashara wa Punjab kwa lugha yao, na kwenye lugha yao neno ndivyo linavyotamkwa. Ni sawa na mtu achukue utenzi wa Mombasa, akute mshairi ameandika "ndoo" pale ambapo wengine tungesema "njoo", aseme huyu hajui Kiswahili, na kwa hiyo alichosema juu ya Mungu hakina uzito. Kalasinga waliumia, na walikuwa na haki ya kuumia.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba Dayananda mwenyewe alikuwa akihubiri kwa Sanskriti tu, watu wa kawaida hawamwelewi, mpaka alipofika Calcutta mwishoni mwa 1872. Keshab Chandra Sen wa Brahmo Samaj, chama kingine cha kuurekebisha Uhindu, akamshauri aongee lugha ya watu. Akakubali, akahamia Kihindi, na hapo ndipo ujumbe wake ulipofika mbali. Alijua kwa nafsi yake thamani ya lugha ya watu. Bado alipofika kwa Nanak akashika rula ya Sanskriti.

Na rula hiyo haijawekwa chini mpaka leo. Agosti 2025, Rambhadracharya, mwanazuoni asiyeona tangu utotoni na mshindi wa tuzo ya fasihi ya Jnanpith, alimtaka Premanand Maharaj, mtawa wa mji mtakatifu wa Vrindavan, atamke neno moja la Sanskriti mbele yake au aeleze maana ya beti za Sanskriti. Premanand ni mgonjwa wa figo anayeishi kwa dayalisisi, na watu wanamfuata kwa sababu ya ibada yake kwa Radha, mpenzi wa mungu Krishna. Sijamsikia akidai usomi. Baadaye Rambhadracharya alisema hakukusudia kumdharau, kwamba Premanand ni kama mwanawe. Sawa, ameyasema na tunayapokea. Lakini klipu ya kwanza ilishatembea.

Mtaa wa Ngara

Salamu kutoka Nairobi. Mtiririko, umeandika vizuri lakini kwa Dayananda naomba uongeze kitu, maana ukimwacha hapo utakuwa umefanya lile unalolikemea.

Arya Samaj iko hapa Nairobi tangu 1903. Nimekua jirani na mzee mmoja wa Arya Samaj. Jumapili asubuhi tulikuwa tunasikia harufu ya samli ikichomwa kwenye moto wa ibada, na akimaliza anatuita watoto wote wa ploti, Mluo, Mkikuyu, Mhindi, tunapewa halua kwenye kiganja. Alitusimulia vile Dayananda akiwa mtoto alikesha usiku wa Shivaratri akaona panya wakipanda juu ya sanamu ya Shiva wakila sadaka, na hapo ndipo maswali yake yalianza. Huyo Dayananda alipigana na ndoa za watoto, alipigana na wale waliosema mwanamke asisome Veda, maandiko ya kale kabisa ya Kihindu, na alikataa tabaka la kuzaliwa. Ukali wake ulikuwa na watu uliowalenga. Mtu akisoma tu zile sura alizoshambulia dini za wengine atadhani alikuwa mtu wa matusi na basi.

Mtiririko

Mtaa wa Ngara, umenirekebisha na nimekubali. Ningeweza kuanza na hayo kabla ya lile neno moja, na sikufanya. Ahsante.

Na kwa kuwa umemfungua Dayananda, hebu niseme alivyofanyiwa yeye. Mwaka 1878 Jumuiya ya Theosofia ya akina Blavatsky na Olcott, iliyoanzia New York, iliungana na Arya Samaj. Walijuana kwa barua. Dayananda hakujua Kiingereza, wao hawakujua lugha zake, kila kitu kilipita kwa wafasiri na watu wa kati. Kule New York waliamini Mungu wa Dayananda ni ile asili isiyo na nafsi waliyokuwa wakiifundisha wao. Huku Dayananda akadhani amepata Wazungu walioikubali Veda kuwa neno la mwisho. Walikutana uso kwa uso India mwaka 1879, na kufikia 1882 Dayananda alikuwa anawakana hadharani. Kila upande ulijiona umesalitiwa. Nikiisoma habari ile naona pande zote mbili zilikuwa zimeungana na picha iliyotoka kwenye barua, mtu mwenyewe hawamjui.

Bahari Shwari

Nipo Tanga, nafuatilia. Mtiririko, kuna aina nyingine hujaigusa, na kwangu inauma kuliko matusi.

Nimekuwa nikisoma na kufuata ibada ya Krishna kwa miaka kadhaa. Watu wa ISKCON, yaani jumuiya ya Hare Krishna, wana lugha kali, najua. Prabhupada, aliyefika New York kwa meli mwaka 1965 akiwa na miaka 69 na kuanzisha ISKCON mwaka uliofuata, aliwaita wale wanaosema Mungu hatimaye hana nafsi "Mayavadi", na hakuwapamba. Lakini hebu sikia upande wa pili unavyotujibu. Hawatukani. Wanatabasamu. Wanasema: ninyi mko sawa kabisa, kumpenda Mungu mwenye jina na sura ni hatua nzuri ya kuanzia, mkikomaa mtaona kwamba mwishoni ni umoja tu usio na sura. Vivekananda, yule mtawa wa Bengali mwanafunzi wa Ramakrishna, alifundisha hivyohivyo, kwamba uwili, yaani mtu na Mungu kuwa wawili, ni hatua, kisha hatua ya kati, kisha umoja.

Mimi sipo kwenye hatua ya kuelekea kwao. Kwangu Krishna ndiye mwisho wa safari. Anayeniambia nimekubaliwa kwa kuwa nipo darasa la kwanza la shule yake, huyo hajanisikia.

Mtiririko

Dada Bahari Shwari, nimesoma ujumbe wako mara tatu. Nilikuwa nimeona kutukanwa tu. Kumezwa sikukuona, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikimeza. Nilikuwa nawaambia watu wa bhakti, yaani njia ya kumpenda Mungu, maneno hayohayo nikidhani ni ukarimu.

Ila na upande wenu niseme kitu kimoja kwa heshima. Kwenye maandiko ya wafuasi wa Chaitanya, mwalimu wa kale wa ibada ya Krishna ambaye ISKCON inamfuata, kuna onyo kwamba mtu akisikiliza ufafanuzi wa Mayavadi ameangamia. Naelewa lengo, ni kulinda ibada ya mtu. Lakini ukishakatazwa kumsikiliza mtu, picha yake utaipata wapi? Kwa mwalimu wako pekee. Na mwalimu wako naye alipewa na wake. Baada ya vizazi vitatu, anayepingwa ni mtu ambaye hayupo popote.

Julai 2023 tuliliona hilo likitokea. Amogh Lila Das, mtawa wa ISKCON mwenye wafuasi wengi mtandaoni, alimsema Vivekananda kwa kula samaki, akiuliza iweje mtu mwema ale kiumbe aliyeumizwa. Akaugusa pia ule msemo wa Ramakrishna, mwalimu wa Vivekananda, kwamba imani zilivyo nyingi ndivyo njia zilivyo nyingi. Bengali nzima ikachemka. ISKCON yenyewe ikamsimamisha kwa mwezi mmoja, na yeye akaomba radhi na kwenda Govardhan, mlima mtakatifu wa Krishna, kufanya toba. Nawapa ISKCON sifa yao kwa hilo. Lakini angalieni kipimo kilichotumika: sahani. Mbengali na samaki ni kama mtu wa Pemba na samaki. Ukitaka kumpima Vivekananda, msome alichosema juu ya nafsi, juu ya maskini, juu ya kazi, kisha mpinge hapo, maana nafasi ya kumpinga ipo kubwa tu. Prabhupada mwenyewe alimpinga kwenye hoja ya kumwita maskini Narayana, yaani Mungu kwa sura ya fukara. Hiyo ni hoja ya kweli, ina uzito, mtu anaweza kukaa nayo usiku kucha. Ya samaki haifiki huko.

Kijiji cha Nuru

Mimi ni mpenzi wa Osho, nisikilizwe pia. Osho alisema wazi kwamba anajipinga mwenyewe kila siku, na kwamba anawachokoza watu ili waamke. Kuchukua maneno yake kuhusu Krishnamurti, Gandhi au Mama Teresa kama hukumu ya mahakama ni kutomwelewa. Ile ilikuwa mbinu ya kufundishia.

Mtiririko

Kijiji cha Nuru, nakubali sehemu. Na kwa haki yake niongeze kwamba Krishnamurti alipofariki 1986 Osho alimsema kwa heshima kubwa na upendo.

Lakini mbinu ina mtu inayemwangukia. Aliyekaa mbele yake Pune aliona jicho lake na tabasamu lake, akajua hapa mwalimu anachokoza. Mimi nilipata karatasi isiyo na jalada pale Posta. Kwangu ilifika kama habari ya kweli kuhusu mtu fulani, na nikaisambaza kwa watu wengine, ambao huenda bado wanaiamini. Maneno ya mwalimu yanasafiri kuliko sauti yake. Mwalimu mwenye maelfu ya wafuasi analijua hilo.

Jembe la Kusini

Nimerudi. Nilidhani ni uzi wa umbea, naomba radhi. Swali: shida ni walimu au wanafunzi wanaobeba maneno?

Mtiririko

Wote, ila wanafunzi zaidi ya nilivyodhani. Chukua Ramana na Aurobindo, mwalimu mwingine wa yoga wa zama zake. Tiruvannamalai, mji ulio chini ya Arunachala alikokaa Ramana, na Pondicherry, alikokaa Aurobindo, ziko mbali kama kilomita 100 tu. Ramana alifika Arunachala Septemba 1896 akiwa na miaka 16 na hakuondoka tena. Aurobindo alijifungia kuanzia Novemba 1926, akaonekana kwa siku chache tu kwa mwaka. Hawakukutana. Wote walifariki 1950, mmoja Aprili, mwingine Desemba. Katikati yao kulikuwa na watu waliokwenda huku na huku, wakichukua sentensi hapa kuipeleka kule: mwenzako anasema yoga yake inavuka walipofika marishi, yaani wahenga watakatifu, wa kale, wewe unasemaje? Nusu ya tunachokiita "mgogoro wa Ramana na Aurobindo" kimetokana na maswali hayo ya wageni.

Jibu moja la Ramana nalipenda sana. Alipoulizwa kuhusu mafundisho ya Aurobindo alisema, kwa maana yake, kwamba Aurobindo anahimiza kujisalimisha kikamilifu, basi na tufanye hilo kwanza, yanayobaki tutajadili baadaye kama kutakuwa na haja. Hakumpinga, hakummeza. Alichukua kitu ambacho Aurobindo mwenyewe angekitambua kuwa ni chake.

Siku hizi mgeni mbeba maneno ni simu. Juni 2024 klipu ya mhubiri Pradeep Mishra kuhusu Radha ilizunguka, kwamba hakuwa mke wa Krishna wala mwenyeji wa Barsana, mji ambao waumini wanauhesabu kuwa kwao Radha. Premanand akamkaripia kwa hasira ambayo watu hawakuizoea kwake. Mishra alijitetea kwamba klipu ni ya zamani na kwamba alichosema kimo vitabuni. Tarehe 29 Juni alikwenda mwenyewe kwenye hekalu la Barsana, akasugua pua chini mbele ya Radha, akaomba msamaha. Niliitazama video ile nikashindwa kuendelea. Sitetei alichosema. Ila mtu mzima, mhubiri wa maelfu, pua kwenye sakafu, na hakuna aliyekuwa amekaa naye saa moja kumuuliza alikuwa anamaanisha nini.

Bahari Shwari

Kuna mahali popote walikaa wakaulizana kweli? Nataka kusoma hayo.

Mtiririko

Yapo, dada. Tafuta mazungumzo ya Krishnamurti na Swami Venkatesananda, Saanen, Uswisi, Julai 1969. Venkatesananda alikuwa mwanafunzi wa Sivananda wa Rishikesh, mtu wa mapokeo kabisa, aliyefanya kazi miaka mingi Mauritius na Afrika Kusini. Alikwenda kukaa mbele ya mtu anayejulikana dunia nzima kwa kukataa guru, akamuuliza kwa upole: guru maana yake si yule anayeondoa giza? Na hiki unachokifanya wewe hapa, si ndicho hicho? Krishnamurti hakukubali. Lakini alilichukua swali, akaligeuza, akauliza la kwake, na yule swami akajibu bila kumwinamia wala kumpandishia. Mazungumzo ya pili walishika kauli kuu nne za Upanishadi, maandiko ya kale ya falsafa ya Kihindu. Hakuna aliyeshinda, na ukiyasoma unawatambua wote wawili.

Lingine ni la zamani zaidi. Vivekananda, baada ya kutoka Chicago alikohutubia mkutano wa dini za dunia, alihutubia Madras mwaka 1897 akiwalaumu viongozi wa Theosofia: kwamba alipoomba barua ya kumtambulisha Marekani aliambiwa ajiunge na jumuiya yao kwanza, na alipokataa wakamfungia mlango. Maneno makali. Katika hotuba hiyohiyo alimtenga Annie Besant na lawama, akasema mema yake. Miaka mingi baadaye, Vivekananda akiwa ameshafariki, Besant aliandika alivyomwona kwa mara ya kwanza kule Chicago mwaka 1893: kijana wa nguo ya njano na chungwa, aking'aa kama jua la India katika hewa nzito ya mji ule, mtawa, lakini mtawa wa vita. Wakati anaandika hayo alikuwa rais wa jumuiya ileile aliyoilaumu Vivekananda.